Wimbo wa Ndege na Sahani ya Mtoto

Dume la ndege anapoimba juu ya tawi, sisi husikia burudani. Jike husikia wasifu wa mchumba. Lakini wasifu huo unaeleza nini hasa?

Mwaka 1976 Fernando Nottebohm na Arthur Arnold walionesha kuwa kwa ndege kama kanari, sehemu za ubongo zinazoongoza uimbaji ni kubwa zaidi kwa dume kuliko kwa jike. Dume hujifunza wimbo kwa kuwasikiliza wakubwa wake, na ubongo wa kujifunzia huanza kujengwa angali kinda, akingoja kulishwa.

Mwaka 2002 Stephen Nowicki, William Searcy na Susan Peters walichapisha matokeo ya jaribio juu ya ndege wadogo wa vinamasi vya Marekani Kaskazini. Makinda wengine walishibishwa, wengine walipunjwa. Waliopunjwa walikua na ubongo mdogo zaidi, na nyimbo walizofundishwa wakazinakili kwa makosa zaidi. Watafiti haohao walionesha pia, kwa ndege wa jamii ya karibu, kuwa majike huvutiwa na wimbo ulionakiliwa vyema. Jike anapochagua wimbo, basi, huchagua pia utoto wa mwimbaji.

Mwanadamu si ndege, wala sidai kuwa kila anayefeli alilala njaa. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Watoto hao tutawaketisha katika chumba cha mtihani, tuwapange kwa madaraja, kisha tuseme huyu ana akili na yule ni mvivu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: methali hii tumeifanya kuwa ya adabu tu, tukaisahau sahani.

Jike hawezi kurudi nyuma akamlishe kinda. Kazi yake ni kuchagua. Dola haina udhuru huo, kwani ipo kiotani na ipo pia kwenye meza ya kusahihisha. Halmashauri zetu zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa umri huo kwa ajili ya lishe. Ndugu mtumishi wa umma, kabla ya kuuliza ufaulu wa wilaya yako, uliza kama fedha hiyo imetoka yote, na imefika kijiji gani.