Mgonjwa na Jina la Maradhi Yake

Binadamu akitaka kukijua kitu hukipa jina kwanza. Mtoto hupewa jina siku chache baada ya kuzaliwa, mto hupewa jina na wavukao, na nyota huitwa majina na mabaharia. Maradhi nayo yana majina, na katika maradhi yote hapana yenye majina mazito kuliko maradhi ya akili. Mtu aambiwaye kuwa ana malaria huuliza dawa. Mtu aambiwaye kuwa akili yake inaugua huuliza kama angali mtu. Swali la kwanza hujibiwa kwa kidonge. Swali la pili halijibiwi ila kwa maneno, na maneno hayo ndiyo yakosekanayo.

Mpanda yatosha kuwa mfano. Mji huu, uliokuzwa na reli itokayo Kaliua na machimbo ya madini ya risasi ya zama za ukoloni, leo ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi uliotengwa na Rukwa mwaka 2012. Wakazi wa mkoa ni Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, na Wasukuma waliofuata malisho na mashamba, na watu wenye asili ya Burundi wa Katumba na Mishamo. Lugha zao za nyumbani ni nyingi, lakini lugha yao ya sokoni, ya shuleni na ya foleni ya hospitali ni moja, nayo ni Kiswahili. Lakini tabibu aliyefundishwa kwa Kiingereza huandika jina la maradhi kwa Kiingereza, faili hufungwa, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani na maneno matatu tu: ugonjwa wa akili. Njiani maneno matatu hupungua. Yafikapo uani huwa limebaki moja, na hilo moja ni kichaa.

Hii ni dhuluma, na haiwi ndogo kwa sababu hakuna aliyeikusudia. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: si haki mtu kuhukumiwa kwa maneno asiyoyajua. Basi, ikiwa mshtakiwa wa wizi wa mbuzi ana haki ya kusikia shtaka lake kwa lugha aijuayo, mgonjwa aambiwaye jambo litakalomfuata katika ndoa, katika kazi na katika urithi ana haki gani? Mshtakiwa aweza kuachiliwa jioni. Mgonjwa atalala na jina lake, na kesho ataamka nalo.

Wako wapingao, nao ni makundi mawili. Kundi la kwanza husema kuwa afadhali mgonjwa asielezwe, kwani jina litamvunja moyo. Hulitegemea neno la wahenga kwamba mgonjwa haulizwi uji. Lakini wahenga walisema juu ya uji, hawakusema juu ya nafsi. Anyweshwaye uji bila kuulizwa hushiba. Apewaye dawa bila kuelezwa huiacha siku ajisikiapo nafuu, maana hakuna aliyemwambia kuwa nafuu ile imeletwa na dawa ile. Tena wahenga hao hao walionya kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Ufichaji haujapata kumlinda mgonjwa hata mara moja. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, imewahudumia wagonjwa wa akili tangu miaka ya 1920, na jina lake, lililostahili kutajwa kwa shukrani, limegeuzwa tusi la watoto wa shule na mzaha wa vijiweni. Tusi hilo halikutoka kwa waliojua mengi juu ya maradhi ya akili. Lilitoka kwa wasioelezwa lolote.

Kundi la pili lina elimu zaidi, kwa hiyo kosa lake ni kubwa zaidi. Husema kuwa Kiswahili hakina maneno ya mambo haya, na kwamba mwenye kutaka kuyaeleza hana budi kukimbilia Kiingereza. Asemaye hivyo hajafungua kamusi. Neno wazimu limetoka katika mizimu, nalo lahifadhi dhana ya kale kwamba akili ya mtu yaweza kuingiliwa na waliotangulia. Neno wasiwasi lilitoka Uarabuni likiwa na maana ya mnong'ono wa Shetani, na leo lataja hofu isiyo na sababu pasipo kumtaja Shetani. Kitenzi kusonona, kuumia na kuhuzunika moyoni, kilikuwa kimelala katika kamusi. Wataalamu wa Tanzania wakakichukua wakakifanya jina la maradhi, na sonona leo yasikika redioni na katika zahanati. Hilo ni neno la mfano: lina mizizi, lina heshima, na kila alisikiaye hukisia maana yake kabla ya kufundishwa.

Wala majina ya Ulaya hayakushuka kutoka mbinguni. Melankolia ni nyongo nyeusi, na histeria ni tumbo la uzazi. Yote mawili ni mabaki ya dhana za Wayunani ambazo hakuna tabibu anayeziamini leo. Skizofrenia, neno lililoundwa na Eugen Bleuler mwaka 1908, ni kupasuka kwa akili. Wajapani walilifasiri hivyo hivyo katika lugha yao, na jina likawa zito hata madaktari wakaogopa kulitamka mbele ya mwenye maradhi. Mwaka 2002 chama cha madaktari wao wa akili kikalibadilisha, kikachukua jina lenye maana ya kupotea kwa ulinganifu wa akili. Kabla ya mabadiliko hayo, kiasi cha mgonjwa mmoja katika watatu ndiye aliyekuwa akiambiwa jina la maradhi yake. Miaka michache baadaye walikuwa kiasi cha wawili katika watatu. Dawa haikubadilika. Lililobadilika ni neno.

Kuna jambo jingine ambalo wasomi wa sarufi wangepaswa kuliona kabla ya watu wote. Kiswahili humwita mwenye malaria mtu aliye na malaria. Hapana asemaye kuwa fulani ni malaria. Wazee walisema vivyo hivyo juu ya akili: fulani ana wazimu, fulani ni mwenye kichaa. Maradhi yalikuwa mzigo, na mtu alikuwa mchukuzi. Sasa lile neno mwenye limedondoka, na ana limegeuka ni: fulani ni kichaa, na wenzake ni vichaa, katika ngeli ile ile ya viti na vijiko. Mabadiliko haya ni ya silabi chache, lakini yamemwondoa mtu akabaki ugonjwa. Tabibu asemaye kuwa mgonjwa ana maradhi haya amempa kitu cha kupambana nacho. Jirani asemaye kuwa mgonjwa ndiye maradhi yenyewe amemnyang'anya mpambanaji.

Yaweza kusemwa kwamba watu wa Katavi wana maelezo yao, na kwamba maneno ya hospitali yatapotea mbele ya mzimu na ramli. Ni kweli kwamba mkoa wenyewe unaitwa kwa jina la Katabi, mwindaji wa masimulizi ya Wabende, ambaye roho yake yasemwa kukaa katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, na watu huweka sadaka chini yake. Lakini aendaye mkwajuni na aendaye hospitalini mara nyingi ni mtu mmoja mwenye maswali mawili. Hospitali humjibu ni maradhi gani; yeye huuliza pia kwa nini yamempata yeye na si mwingine. Tabibu akinyamaza, mpiga ramli hatanyamaza, naye atamtaja bibi kizee wa jirani. Kimya cha mwenye elimu ndicho kinachomkabidhi mgonjwa kwa asiye nayo.

Wala haipasi kudhani kuwa jina la hospitali halihojiwi. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, katika toleo lake la 11 lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, imeingiza maradhi ya huzuni ya msiba isiyokwisha, yanayoweza kutajwa huzuni ikidumu zaidi ya miezi 6. Sasa jina hilo na lipelekwe Mishamo. Wazee wa huko walikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Liisa Malkki, aliyefanya utafiti kati yao katikati ya miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu mwaka 1995, aliwakuta wakisimulia mauaji yale tena na tena, kwani masimulizi ndiyo yaliyowafanya wawe watu wamoja. Je, walikuwa wagonjwa wote? Orodha yenyewe yajibu kwa busara: huzuni ihesabiwe maradhi pale tu inapovuka kiasi kilichozoeleka katika jamii, mila na dini ya mfiwa. Lakini kiasi hicho kitajulikanaje na tabibu asiyeweza kuzungumza na mfiwa juu ya matanga yake? Basi hata jina jipya kabisa, lililotungwa mbali, halifanyi kazi yake bila lugha ya mahali.

Katavi ilikuwa na tabibu wa namna ipasayo. Adrian Atiman, mtoto wa Afrika ya Magharibi aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa utabibu Malta, alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Alioa huko, akazeekea huko, na mwaka 1956 akafia huko. Mtu aliyekaa na wagonjwa wake kwa miaka 67 hahitaji mkalimani, wala wagonjwa wake hawahitaji kukisia ana maana gani.

Watu kama Atiman ni wachache, na haifai mgonjwa wa leo kumngoja mwingine. Lakini maneno yaweza kutayarishwa. Yaweza kusemwa kwa Kiswahili kisicho na doa kwamba yako maradhi ambayo humfanya mtu asikie sauti pasipo msemaji na ashuku pasipo adui. Kwamba yako mengine ambayo huupandisha moyo hata mtu akose usingizi na kugawa mali yake, kisha huushusha hata ashindwe kuinuka kitandani. Kwamba dawa yake hii hufanya kazi hii, na huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonekana. Kwamba maradhi hayaambukizi, na mtu aliye nayo aweza kulima, kuoa na kulea. Hakuna sentensi moja hapo iliyohitaji Kiingereza.

Kazi hiyo ni ya vyuo vikuu na vyombo vya lugha. Wasomi wa Kiswahili wametunga istilahi za fizikia na za isimu, wakabishana miaka mingi juu ya viambishi, na sifa zao wanazistahili. Lakini penye miti hapana wajenzi. Orodha ya majina ya maradhi ya akili, yenye maelezo mafupi, iliyotungwa na watu wa lugha pamoja na matabibu, kisha ikajaribiwa mbele ya wasikilizaji wa Mpanda, Karema na Mishamo kabla ya kupigwa chapa, ingekuwa kijitabu chembamba kuliko tasnifu yoyote ya uzamivu. Ingewafaa watu wengi zaidi. Hadi itakapoandikwa, kila mgonjwa atokaye chumba cha tabibu na karatasi asiyoweza kuisoma ataendelea kutafsiriwa hali yake na wa kwanza kukutana naye langoni.