Usimchinje Jogoo Kabla Hujapasua Mayai



Masika yakianza simu yangu haipumziki, na swali ni lile lile: "Afisa, nimeweka mayai 60 kwenye mashine, wametoka vifaranga 11. Jogoo ana shida?" Mama mmoja huku kwetu pwani hakusubiri hata jibu. Nilipofika kwake mwezi uliopita, jogoo alishakuwa kitoweo. Nikamwomba mayai yaliyobaki, tukakaa chini ya mwembe tukayapasua moja moja. Mengi yalikuwa na kifaranga kamili, mwenye manyoya na mdomo, amefia ndani siku za mwisho. Jogoo alikuwa amefanya kazi yake vizuri tu. Vifaranga wale waliuawa na unyevu wa ndani ya mashine, na haukuwa umepungua, ulikuwa umezidi.

Nasema wazi: yale maelekezo ya wauzaji wengi wa mashine, "hakikisha maji hayakauki", yanatutia hasara. Mashine haijui kama iko Dodoma mwezi wa Agosti, hewa kavu mpaka midomo inapasuka, au iko Tanga mwezi wa Aprili, nguo haikauki kwenye kamba siku mbili. Ukijaza beseni la maji sawasawa sehemu zote mbili, mmoja wenu lazima alie.

Ganda la yai lina matundu madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Katika siku 18 za kwanza kati ya zile 21, yai la kuku linatakiwa kupoteza maji kiasi cha asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake. Nafasi ya maji hayo inachukuliwa na hewa, kwenye ule upande butu. Kifaranga huvuta pumzi yake ya kwanza kwenye hewa hiyo kabla hajatoboa ganda. Mashine ikiwa na unyevu mwingi, maji hayatoki na hewa inakuwa finyu. Ukipasua unakuta kifaranga mnene, amelowa, kiini hakijaingia tumboni, kitovu kiko wazi. Mashine ikiwa kavu, nafasi ya hewa inakuwa kubwa mno, kifaranga anakuwa mdogo, na utando unamgandia mwilini kama karatasi yenye gundi. Anatoboa kidogo, anashindwa kugeuka, anafia hapo hapo.

Kwa hiyo mayai yaliyofeli usiyatupe jalalani. Yapasue. Yananuka, najua, lakini ndiyo yatakayokuambia ukweli.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni mzani, ule mdogo wa betri ambao wenye maduka wanapimia viungo. Pima trei tupu, kisha pima ikiwa na mayai siku unayoyaweka. Tuseme una mayai 30 ya kienyeji ya gramu 40 kila moja: jumla gramu 1,200. Baada ya siku 7 yawe yameshuka hadi kama gramu 1,145. Siku ya 18 yawe kati ya gramu 1,045 na 1,070. Yakishuka polepole kuliko hapo, punguza maji, hata kuyaondoa kabisa kwa siku kadhaa. Yakishuka haraka, ongeza. Pima kabla hujatoa yasiyo na mbegu. Ukishayatoa, pima tena na uanze hesabu mpya hapo.

Kipima unyevu nacho kisaidie, ila usikiamini kabla hujakijaribu. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda, idondoshee maji iwe tope zito bila kuyeyuka yote. Iweke pamoja na kipimo ndani ya kopo linalofunga vizuri, uache usiku kucha. Asubuhi kinatakiwa kusoma 75. Kikisoma 68, basi kila siku ongeza 7 kwenye unachokisoma. Kwa siku 18 za kwanza tafuta asilimia 50 hadi 55, na siku 3 za mwisho asilimia 65 hadi 70.

Hapa wengi wanakosea: wanajaza beseni mpaka juu wakidhani unyevu utapanda. Kina cha maji hakisaidii kitu, kinachotoa unyevu ni upana wa uso wa maji. Ukitaka unyevu zaidi weka chombo kipana zaidi, au tumbukiza sifongo isimame nusu nje ya maji. Ukitaka kupunguza, tumia chombo chembamba. Maji yawe ya uvuguvugu, usije ukaipoza mashine. Na matundu ya hewa usiyazibe eti unalinda unyevu! Kifaranga anayekua anahitaji hewa safi, tena zaidi kila siku.

Siku 3 za mwisho acha kugeuza mayai na acha kufungua mlango. Najua hamu ya kuchungulia, watoto wa nyumbani ndio kabisa. Lakini kila ukifungua, hewa yenye unyevu inatoka yote, na yule aliyekwisha kutoboa ganda utando unamkaukia. Waliokwisha toka wanaweza kukaa humo siku nzima bila chakula, bado wana kiini tumboni.

Sasa neno kwa wenye mashine mnaototolesha mayai ya wenzenu kwa malipo, na wafanyabiashara mnaokusanya mayai vijijini. Lawama nyingi kati yenu zinatokana na kutohesabu. Mfanyabiashara, mayai yaliyokaa juani dukani wiki mbili hayafai kwa mashine, usiyachanganye na mapya. Mwenye mashine, siku ya 7 mwite mwenye mayai, mmulike pamoja kwa tochi gizani, muandike kwenye daftari mangapi yana mbegu. Yasiyo na mbegu ni hasara ya mwenye mayai. Lakini yale yaliyoonekana kuwa hai siku hiyo, kisha yakafia ndani siku ya 20, kwa maoni yangu fedha yake irudishwe. Wapo watakaonuna kwa kusema hivi, wakisema umeme ndio ulikatika. Sawa, umeme unakatika. Basi andika kwenye daftari saa ulipokatika na saa uliporudi, mwenzio aone.

Yule mama wa mwembeni ameazima jogoo kwa jirani, na juzi ameweka mayai 30, beseni dogo, maji kidogo. Siku ya 7 itaangukia Jumamosi. Nitapita na mzani.