Nimonia ya Tatu

Mtoto wa wiki sita anahema haraka. Ananyonya kidogo, anaacha, jasho linamtoka kichwani. Zahanati wanamwandikia antibayotiki za nimonia, na mara nyingi huwa wamepatia. Lakini mtoto huyohuyo akirudi na nimonia ya pili, kisha ya tatu, inafaa kuuliza kama tatizo ni mapafu au ni moyo.

Kwa kawaida, vena nne za mapafu hurudisha damu yenye oksijeni kwenye chumba cha juu cha kushoto cha moyo. Kwa watoto wachache sana, zote nne humwaga upande wa kulia. Hapo damu huchanganyika, na mtoto huishi kwa sababu tu kuna tundu kati ya vyumba viwili vya juu. Tundu ambalo kwa mwenzake lingeitwa ugonjwa, kwake ndilo uhai.

Kasoro hii hujificha vizuri. Ultrasaundi ya ujauzito huweza kuikosa, kwa kuwa mapafu ya mtoto aliye tumboni hupitisha damu kidogo. Picha ya kifua huweza kufanana na ya nimonia. Nayo rangi ya bluu ya upungufu wa oksijeni haionekani kwa urahisi kwenye ngozi nyeusi. Ni heri kutazama ulimi.

Marekani ilipendekeza mwaka 2011 kwamba kila mtoto mchanga apimwe oksijeni kwa oksimeta, kifaa kinachofungwa mkononi na mguuni. Usomaji ulio chini ya asilimia 90 ni dharura.

Wapo wanaouliza: kipimo kina faida gani ikiwa mashine ya eko, yaani ultrasaundi ya moyo, iko mbali mamia ya kilomita? Swali ni la haki. Upasuaji wa kurudisha vena mahali pake unahitaji hospitali kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na vena zikiwa zimebanwa, mtoto hana siku za kusubiri. Tena oksimeta haiwanasi wote.

Hata hivyo, oksijeni ikiwa chini huenda chanzo ni nimonia ya kweli au maambukizi kwenye damu, na hayo hutibika wilayani. Kipimo hakipotei bure.

Kwa hiyo tuanze na jambo dogo: kadi ya kliniki, yenye nafasi ya uzito na chanjo, iwe pia na nafasi ya oksijeni. Na nimonia ya pili ya mtoto anayetoka jasho akinyonya isiandikiwe dawa kabla nafasi hiyo haijajazwa.