FREMU MBOVU NI MSHAHARA ULIOIBWA



Twataka kusema wazi juu ya baiskeli zinazokopeshwa wafanyakazi na kulipwa kwa kukatwa mshahara. Kukopa si kosa. Kosa ni kuwa mwenye kulipa haulizwi. Tajiri na mwenye duka hupatana wao wawili, kisha mfanyakazi huitwa kutia sahihi na kupokea baiskeli inayong'aa. Mwaka haujaisha, fremu imepasuka. Je, makato nayo hukoma? La! Huendelea mpaka senti ya mwisho, na mwenyewe yuaenda kazini kwa miguu.

Watuambia, "Mfanyakazi hupenda vya rahisi." Si kweli. Mfanyakazi hulipwa kidogo, hayo ndiyo kweli. Na tupige hesabu. Tuseme baiskeli moja ni shilingi 8,000, fremu yake ikadumu miaka 2: hiyo ni shilingi 4,000 kila mwaka. Nyingine ni shilingi 18,000, ikadumu miaka 10: ni shilingi 1,800 tu kila mwaka. Ni ipi iliyo ghali?

Tairi, cheni, spoku na breki hubadilishwa kimoja kimoja. Fremu ikifa, baiskeli imekufa. Basi tusidanganywe na rangi wala kengele. Tutazame haya:

Kwanza, viungo. Tazama chini ya usukani, chini ya kiti na penye pedeli. Kiungo kizuri kimejaa pande zote, hakina tundu wala ufa. Rangi iliyopakwa nene mahali hapo huenda yaficha kitu.

Pili, unyofu. Funga uzi penye ekseli ya nyuma, uzungushe mbele kwenye bomba la usukani, uurudishe upande wa pili. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Zikitofautiana, fremu imepinda.

Tatu, mahali pa kushika ekseli. Pawe pande la chuma nene, si ncha ya bomba iliyopondwa kwa nyundo.

Nne, chuma chenyewe. Weka sumaku, isiposhika, si chuma. Aluminiamu ni nyepesi na haishiki kutu, lakini ikipasuka si kila fundi awezaye kuichomea. Chuma mara nyingi hupinda kabla ya kukatika, na fundi wa mtaani huweza kukitengeneza.

Kiwanda cha Raleigh mjini Nottingham, Uingereza, kilifungwa mwaka 2002. Lakini fremu za chuma zilizotoka huko miaka mingi kabla ya hapo zingali zikibeba watu na mizigo. Kazi njema ya mikono ya wafanyakazi huishi kuliko kiwanda. Kwa nini sisi tuuziwe takataka?

Basi twadai: mjumbe wa wafanyakazi akague kila fremu kabla ya mkopo; dhamana ya fremu iandikwe, nayo isiwe fupi kuliko muda wa makato; na fremu ikivunjika kwa ubovu wake, makato yasimame siku hiyo hiyo.

Ndugu, usitie sahihi peke yako. Mwite mjumbe wako, mje na uzi na sumaku. Anayekataa fremu yake ikaguliwe, yeye mwenyewe amekwisha kutujibu.

Umoja ni nguvu!