Dhahabu ya ndani ya telefone: kwanza mizani

Salamabila, katika wilaya ya Kabambare, mtu akisema amepata dhahabu, anaulizwa kwanza: gramu ngapi? Mchimbaji anayetoka mashimoni upande wa Namoya hauzi kitu bila kuitazama mizani. Anajua pia kwamba baada ya kupima kuna fungu la mwenye shimo, kuna deni la chakula na deni la vifaa. Kinachobaki ndicho chake.

Kuna dhahabu nyingine, ile ya michezo ya telefone, na hiyo kijana anaweza kuichimba usiku kucha bila mizani yoyote. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Tuchukue mfano wa Genshin Impact, mchezo wa kampuni ya Kichina miHoYo, uliotoka Septemba 2020. Mchezaji anatembea katika nchi ya kubuni, anapigana na majini, na analipwa pesa ziitwazo Mora. Lakini ili achukue malipo makubwa, anahitaji akiba ya nguvu iitwayo Resini. Akiba hiyo inaongezeka kwa 1 kila dakika 8, yaani 180 kwa siku. Kuchukua Mora mara moja kunakula 20, na aliye katika ngazi za juu anapata Mora 60,000. Basi ni mara 9 kwa siku, jumla 540,000. Kumkuza shujaa mmoja kutoka ngazi ya 1 mpaka 90 kunadai karibu milioni 2. Hiyo ni kazi ya siku 4.

Kila pigano ni la dakika chache. Mchezaji anayejua hesabu anamaliza yote kwa muda usiofika saa moja. Kisha anatuma mashujaa watano safarini kwa saa 20, kila mmoja anarudi na Mora 5,000, na yeye amelala. Anayekesha mpaka alfajiri anaokota vijisenti tu, kwa sababu Resini yake imekwisha tangu jioni.

Aliyepanga hivyo ni mwenye mchezo, na alikuwa na sababu. Asiye na subira anaweza kununua Resini zaidi kwa pesa za kweli. Mora zenyewe hazipitishwi kutoka mchezaji mmoja kwenda kwa mwingine, na kuuza akaunti kumekatazwa. Kwa hiyo hakuna njia halali ya kuzigeuza kuwa franga. Anayekuahidi Mora za bei nafuu huku akiomba neno lako la siri anataka akaunti yako.

Wengine watasema: mbona Venezuela watu waliishi kwa michezo? Ni kweli. Pesa ya nchi yao ilipoanguka, wako walioua majoka katika RuneScape na kuuza dhahabu yake kwa dola, ingawa kanuni za mchezo zilikataza. Lakini katika mchezo ule dhahabu hupita mkono kwa mkono, na wauzaji wakiwa wengi bei hushuka, kama inavyoshuka bei ya mihogo siku soko limejaa. Ile ilikuwa riziki ya watu waliokosa nyingine. Haifai kuwa mpango wa maisha wa kijana wa Kasongo.

Kasongo na Kabambare mchezo una gharama nyingine zisizoandikwa kwenye kioo. Genshin Impact peke yake inadai zaidi ya giga 20 za nafasi. Mega zinanunuliwa, na asiye na umeme nyumbani analipa hata kuchajisha telefone. Mora hazimrudishii hata franga moja kati ya hizo.

Kucheza si kosa. Kijana aliyeshinda shuleni au shambani ana haki ya kupumzika. Ila mchezo wa saa moja ni pumziko, na mchezo wa usiku mzima ni kibarua kisicho na mshahara. Wazazi hawatashinda kwa kunyang'anya telefone. Waketi na watoto wao, wahesabu pamoja: saa ngapi, mega ngapi, franga ngapi, na nini kimebaki mkononi.

Mchimbaji wa Namoya, hata asiyejua kusoma, haondoki mbele ya mizani kabla ya kujua gramu zake. Kijana mwenye telefone naye ajiulize swali lilelile kabla ya kuiwasha: gramu ngapi?