Mishamo Isiambiwe Isubiri Mkongo

Kusema shule za Mishamo, wilayani Tanganyika, zisahau kompyuta mpaka intaneti ya kasi ya mkongo wa mawasiliano ifike ni kuchanganya mambo. Kujifunza kidijitali si lazima kuwe mtandaoni. Mwaka 2017, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi katika vijiji takribani 170 vya Tanga, masomo ya Kiswahili yakiwa yamepakiwa ndani na chaji ikitoka kwenye sola. Mwanzoni, watoto tisa kati ya kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Hadi shindano linakwisha, idadi hiyo ilipungua kwa nusu.

“Walimu kwanza,” anasisitiza mwandishi anayetaka shule hizo zisubiri. Nakubali kabisa, wala sitaki kifaa kichukue nafasi ya mwalimu. Ila vishikwambi vya Sensa ya 2022 vilishagawiwa kwa walimu. Vijazwe vitabu vya kiada, shule ziwekewe paneli za kuchajia, na fundi apatikane mjini Mpanda.

Wakimbizi wa Burundi walianza kuishi Mishamo mwaka 1978, na wengi wao walipata uraia miaka ya 2010. Kuwaambia raia hawa wasubiri tena ni dhuluma. Halmashauri ya Tanganyika itenge fedha za kazi hiyo katika bajeti ijayo.