Jikaze Si Dawa

Kuna neno moja ambalo Nairobi tunaligawa bure kama peremende: jikaze. Umefiwa? Jikaze. Kodi imekosekana? Jikaze. Mwambie mtu kwamba viungo vimekuuma tangu saa nane usiku na asubuhi hii vidole havikunjiki, atakuangalia juu hadi chini, aseme "lakini unakaa poa tu," kisha akupe lile lile: jikaze, hii Nairobi nani hajachoka? Mimi nasema neno hili linaumiza watu, na tuache kuligawa.

Naishi na lupasi. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupigana na viini vinavyotoka nje, inageuka na kuushambulia mwili wenyewe: viungo, ngozi, figo, hata moyo. Hauambukizwi. Kuna dawa za kuutuliza, hakuna ya kuumaliza. Katika kila wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake, na wengi huanza kuugua kati ya miaka 15 na 44, yaani umri ule ule ambao kila mtu anakuambia huu ndio wakati wa kutafuta. Lakini siandiki kuhusu lupasi peke yake. Mwenye selimundu anaijua habari hii. Mwenye baridi yabisi anaijua. Njambi Koikai, mtangazaji wa reggae tuliyemzoea kama Jahmby, alieleza hadharani kwa miaka mingi maumivu ya endometriosisi hadi alipofariki Juni 2024, na bado wako wanaowaambia wasichana kwamba hayo ni maumivu ya kawaida ya mwezi.

Uchovu ninaouzungumzia si ule wa kutoka kazini. Ule ukilala unaisha. Huu unalala nao na kuamka nao.

Wanaoyajua maumivu ya kudumu wana kanuni moja, rahisi sana kuisema: simama kabla mwili haujakusimamisha. Kama unaweza kupiga pasi dakika 20 kabla mgongo haujalia, piga 15, keti, kisha endelea. Siku mbaya usilale kutwa nzima ukiweza kusogea kidogo, kwa sababu kiungo kisichotembezwa hukakamaa na misuli hulegea. Na siku nzuri usifanye kazi ya siku tatu. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Mkenya yeyote anaijua Okoa Jahazi: Safaricom inakukopesha salio leo, inakata ada ya asilimia 10, na ukiweka pesa kesho deni linajilipa kwanza. Siku nzuri inakuvuta ukope hivyo hivyo. Ufue, upange nyumba, uende soko, upitie kwa shangazi, maana hujui nguvu zitarudi lini. Kesho yake mwili unadai chake, na haudai asilimia 10. Unaweza kukata wiki.

Sasa ilete kanuni hiyo Kangemi uone.

Ploti nyingi huku zimepanda ghorofa tano, sita, bila lifti. Maji huja siku zake, na yakija mara nyingi hayana nguvu ya kufika juu. Kwa hivyo mtungi wa lita 20, ambao ni kilo 20, unapandishwa ngazi kwa mkono. Mwaka 2003 Mmarekani mmoja mwenye lupasi, Christine Miserandino, aliandika jinsi alivyomweleza rafiki yake ugonjwa huu kwa vijiko: kila kazi ya siku inakula kijiko, na vikiisha vimeisha. Mfano wake umezunguka dunia. Mimi nahesabu mitungi. Mmoja wa kupika na vyombo, mmoja wa kuoga, mmoja wa choo, na siku ya kufua ongeza mitatu. Hapo sijavuka Waiyaki Way, sijapigania kiti kwa matatu, sijafika kazini. Vile vijitabu vya ushauri vinavyosema "pangilia nguvu zako" viliandikwa na mtu ambaye maji yake yanatoka ukutani.

Utaniambia, si ulipe mtu? Nalipa, nikiwa nazo. Kuna mama ambaye hunifulia kila wiki mbili. Amenizidi miaka kama ishirini, na akimaliza beseni la pili huwa ananyooka polepole sana, mkono kiunoni. Siku moja aliniuliza kama zile tembe zangu zinaweza kutibu mgongo pia. Sikuwa na jibu la kumpa. Pumziko langu la siku hiyo lilikuwa limetoka kwa mgongo wangu likahamia kwake, na yeye akiugua hakuna anayemlipa hata shilingi. Ndiyo maana sikubali mazungumzo haya yabaki kuwa ya mtu binafsi kujipanga. Ukiweza kununua pumziko Kangemi, mara nyingi umelinunua kutoka kwa mwanamke mwingine ambaye naye amechoka.

Methali inasema mchumia juani hulia kivulini. Ni nzuri, ila inachukulia kwamba kila mtu ana kivuli kinachomngoja. Kwetu sisi wa lupasi jua lenyewe linaweza kuuamsha ugonjwa. Mwanamke anayeuza sukuma wiki kando ya soko kutoka asubuhi hadi jioni, naye ana ugonjwa huu, achumie wapi?

Twende kwa sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inasema kwamba ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo una haki ya angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, mradi ulete cheti cha daktari. Jumla ni siku 14. Ukiisoma unaona mgonjwa iliyemfikiria: mtu wa malaria au taifodi, anayeugua, akatibiwa, akapona, akarudi kazini. Haikumfikiria anayeugua siku tatu kila mwezi, ambaye Mei haiishi kabla siku zake hazijaisha. Na cheti chenyewe ni kichekesho. Ili uthibitishe kwamba huwezi kutoka kitandani, toka kitandani, panda matatu, keti foleni, ulipe. Meneja mmoja aliyewahi kunisimamia aliniomba nichague siku maalum ya kuugua kila mwezi, ndio aweze kupanga zamu. Hakuwa anatania. Na hapo nazungumzia mtu mwenye barua ya kazi. Wale wanaoondoka Kangemi alfajiri kwenda vibarua Lavington, Loresho na Westlands, siku yao ya ugonjwa ni siku bila chakula.

Juu ya yote haya tumejenga dini ya kuhangaika. Mwaka 2022 tulipiga kura neno hasla likiwa kwa kila mabati, na Novemba 30 mwaka huo serikali ikazindua Hustler Fund. Mkopo wa simu sina vita nao. Vita vyangu ni na mahubiri yaliyokuja na jina hilo: kwamba asiyeamka saa kumi asilalamike, kwamba usingizi ni wa maskini, kwamba mwili ni mashine na ukikwama tatizo ni roho yako. Mtu mzima anaweza kuimba wimbo huo miaka kumi. Mgonjwa akiuimba anaishia wodini.

Parokia ya hapa kwetu inaitwa Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Papa Francis alifika hapo Novemba 27, 2015, akazungumzia haki takatifu ya ardhi, makao na kazi. Nakubali zote tatu, naongeza ya nne. Sikukuu ya huyo Yosefu ni Mei 1, siku ya wafanyakazi, na Mei 1 haikuletwa na watu waliotaka kuongezewa kazi. Inakumbuka wafanyakazi wa Chicago waliogoma mwaka 1886 wakidai siku ya kazi ya saa 8, ndio wabaki na saa za kulala na za kuishi. Pumziko lilikuwa dai la mfanyakazi kabla halijageuzwa kuwa aibu ya mvivu.

Najua majibu. La kwanza: kila mtu amechoka. Kweli kabisa. Dereva amechoka, soja wa usiku amechoka, mama fua amechoka. Lakini hiyo si sababu ya kuninyima mimi pumziko. Ni sababu ya kuwapa na wao. La pili: watu watajifanya. Wapo watakaojifanya, kama walivyo wanaojifanya wana malaria, na hatujafuta ruhusa ya malaria. Ukitaka kujua uigizaji tunaoufanya kila siku, ni ule wa kinyume. Tunajifanya wazima. Tunapaka mafuta ya midomo, tunacheka, tunapanda ngazi tukisimama kila ghorofa kama mtu anayesoma ujumbe kwa simu.

Kwa hivyo nadai, sibembelezi. Bunge lifungue kifungu cha 30 na kumtambua mwenye ugonjwa wa kudumu: cheti kimoja kitumike mwaka mzima, na ruhusa ihesabiwe kwa saa, si kwa siku nzima peke yake. Mwajiri aweke kiti mahali pa kusimama, na amruhusu aanze saa nne yule ambaye viungo vyake hufunguka saa tatu. Haigharimu kitu. Kaunti ifikishe maji juu, kwa sababu bomba linalofanya kazi ni tiba kwa migongo mingi kuliko tembe zangu. Chama kiache kumpiga faini mgonjwa ambaye hakufika. Na nyumbani, mkiwa na mazishi au ruracio, msimpime binti kwa sufuria alizoinua.

Na wewe mwenye maumivu, keti kabla hujaanguka. Huna haja ya kumweleza kila mtu kwa nini.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, tumeambiwa tangu utotoni. Sawa. Lakini kama mgongo wake hauinami, kitanda kinaweza kuinuliwa. Watu wawili wakishika huku na huku, ni kazi ya dakika moja.